Goti bandia linauma na ngozi inawasha, ni aleji ya chuma?

Swali (nimelifupisha kidogo): "Mwanangu daktari, mimi nina miaka 63. Miezi kumi iliyopita nilibadilishiwa goti la kulia. Miezi mitatu ya mwanzo nilikuwa naendelea vizuri, afu likaanza kuvimba tena, linauma hasa nikinyanyuka na kuanza kutembea, na pembeni ya kovu kuna upele unawasha sana. Eksirei wanasema iko sawa. Tangu nikiwa msichana sivai hereni za bei rahisi, masikio yanatoa maji, na kifungo cha jinzi kinanitoa vipele chini ya kitovu. Binti yangu kasoma mtandaoni kwamba hii ni aleji ya chuma na goti lote inabidi litolewe. Na mwezi ujao nimepangiwa goti la kushoto. Nifanyeje?"

Shikamoo mama. Pole sana, miezi kumi ya kuuguza goti ambalo ulitegemea lingekuwa limeshakusahaulisha maumivu sio kitu kidogo, na nashukuru umeandika kabla hujakubali chochote. Nitajibu kwa kirefu manake hapo kuna mambo matatu yamefungwa fundo moja: goti linalouma, upele wa pembeni ya kovu, na hilo goti la kushoto la mwezi ujao.

Msimamo wangu nauweka mapema. Aleji ya chuma kwenye viungo bandia ipo, siwezi kumwambia mgonjwa ni mambo ya kufikirika, lakini ni kitu cha kukitaja mwishoni baada ya vingine vyote kupimwa na kuondolewa kwenye hesabu, na kwako wewe bado havijapimwa, eksirei peke yake haitoshi kabisa. Mtu yeyote anayekwambia goti litolewe kwa sababu ya hereni zilizokusumbua usichanani, kabla hata hajavuta maji ya goti akayapima, huyo usimpe mguu wako.

Sasa tuanze na hiyo aleji yenyewe, manake binti yako hajaitoa hewani. Nikeli ndio metali inayoongoza duniani kwa kuleta aleji ya ngozi, inakadiriwa watu kama 10 hadi 15 kati ya 100 wanayo, na wanawake ni wengi kuliko wanaume, sababu kubwa ikiwa kutoga masikio. Zinafuata kobalti na kromiamu. Nchi za Umoja wa Ulaya zilitunga sheria mwaka 1994 ya kupunguza nikeli inayotoka kwenye hereni, vifungo na saa, na baadae aleji hii ikapungua kwa wasichana waliokulia chini ya sheria hiyo, kwa hiyo hii sio aleji ya kurithi ambayo huna la kufanya, mwili unafundishwa kwa kuguswa na metali. Kinachotokea ni kwamba jasho linayeyusha nikeli kidogo sana, inapenya ngozini, inashikana na protini za mwili wako mwenyewe, na seli za kinga zinazoitwa seli T zinaiona kama mgeni. Aleji hii ni ya polepole, haifanani na ile ya mtu anayekula kitu akavimba midomo hapo hapo, hii inachukua siku moja hadi tatu kutokea ngozini, na seli zikishakariri zinakumbuka miaka na miaka. Ndio maana hadithi yako ya hereni na kifungo cha jinzi naiamini bila hata kukupima, una aleji ya nikeli kwenye ngozi, hilo tulichukulie hivyo.

Swali gumu ni kama hiyo aleji ya ngozini ina uhusiano na kilichoko ndani ya goti.

Goti bandia la kawaida lina kipande kinachovikwa mwisho wa mfupa wa paja, hicho mara nyingi ni mchanganyiko wa kobalti, kromiamu na molibdenamu. Chini, juu ya mfupa wa ugoko, kuna sahani ambayo inaweza kuwa ya titaniamu au ya mchanganyiko ule ule wa kobalti. Katikati yao kuna plastiki ngumu ya polietilini, na mara nyingi vyote vinashikizwa kwenye mfupa kwa simenti maalum. Nikeli kwenye ule mchanganyiko wa kobalti huwa ni uchafu mdogo tu uliobaki, kwa kawaida chini ya 1%. Linganisha na chuma cha pua kinachotumika kwenye sahani na skrubu za kuunga mifupa iliyovunjika, chenyewe nikeli inafika 13 mpaka 15%. Na kweli ripoti za zamani za aleji hii zilianzia huko, mwaka 1966 madaktari wa Ufaransa walieleza ukurutu wa ngozi kwa mgonjwa aliyewekewa chuma cha aina hiyo. Kwa hiyo mama, kama uliwahi kuvunjika ukawekewa sahani na skrubu na hukuwashwa popote, nitajie, ni taarifa yenye uzito.

Huo mchanganyiko wa kobalti una utando mwembamba sana juu yake, unaotengenezwa na kromiamu ikikutana na oksijeni, ndio unaozuia chuma kuliwa na chumvi za mwili. Ukikwaruzwa unajirudisha wenyewe, lakini kila ukikwaruzwa metali kidogo inatoroka. Karibu kila mtu mwenye kiungo cha chuma ana kobalti na kromiamu zilizopanda kidogo kwenye damu, na wengi wao wanatembea vizuri hawana habari. Kwa hiyo ukienda ukapimwa damu ukaambiwa "metali zimeonekana", usiogope, kuonekana tu sio ugonjwa.

Hofu kubwa iliyoko mtandaoni imetoka kwenye nyonga, na naona watu wanaihamishia kwenye magoti bila kuangalia tofauti. Zilikuwepo nyonga bandia ambazo chuma kinasuguana na chuma kingine moja kwa moja, bila plastiki katikati. Hizo zilimwaga chembe nyingi kiasi kwamba nyama za kuzunguka nyonga zilioza au kufanya vimbe, na mwaka 2010 kampuni ya DePuy iliziondoa sokoni nyonga zake za ASR, ambazo watu takriban 93,000 walikuwa wameshawekewa. Uingereza wakaweka kiwango cha metali kwenye damu cha mikrogramu 7 kwa lita, ukivuka hapo uangaliwe kwa karibu zaidi. Lile lilikuwa balaa la kweli na waathirika wake wana haki ya kuwa na hasira. Lakini goti lako ni chuma juu ya plastiki, msuguano wake ni mwingine, na ukisoma hadithi ya mtu wa nyonga ya chuma kwa chuma ukajivika wewe utajitisha bure.

Kuna takwimu moja inazunguka sana na binti yako lazima keshakutana nayo, ilitoka kwenye mapitio ya tafiti ya mwaka 2001: kwamba kwa watu wa kawaida kama 10% wana aleji ya metali, kwa wenye viungo bandia vinavyofanya kazi vizuri ni kama 25%, na kwa wale ambao viungo vyao vimeharibika ni kama 60%. Ukiisoma haraka unasema basi aleji ndio inaharibu viungo. Lakini kiungo kikilegea kinacheza, kikicheza kinasagika, kikisagika kinamwaga metali, na metali nyingi inaufundisha mwili aleji. Yaani inawezekana kabisa kulegea kulianza na aleji ikafuata nyuma. Ili ujue kipi kinaanza inabidi uwafuatilie watu wenye aleji tangu kabla ya oparesheni, na waliofanya hivyo hawakukuta kinachoogopwa. Denmark walichukua rejesta ya nyonga bandia wakailinganisha na kumbukumbu za watu waliopimwa aleji ngozini, wakachapisha mwaka 2009, na aleji ya metali haikuonekana kuongeza hatari ya kurudia oparesheni. Mwaka 2016 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, wakafanya kwa magoti, waliokutwa na aleji kwenye kipimo cha ngozi dhidi ya ambao hawakukutwa nayo, na matatizo hayakutofautiana. Hizi hazisemi kwamba hakuna hata mtu mmoja anayeumia, zinasema kwamba walio wengi wenye aleji kama yako wanawekewa goti la kawaida na wanaishi nalo.

Haya, turudi kwenye goti lako. Wewe umeniambia maneno mawili ambayo kwangu yana uzito kuliko hereni zote. La kwanza ni kwamba miezi mitatu lilikuwa zuri afu likabadilika. La pili, linauma ukinyanyuka na kuanza kutembea. Goti ambalo halijawahi kuwa zuri hata wiki moja tangu oparesheni linanifanya niulize labda maumivu yanatoka nyonga au mgongo, au goti lilikazwa vibaya tangu mwanzo. Goti lililokuwa zuri afu likageuka linanipeleka kwa vijidudu na kulegea. Na maumivu ya hatua za kwanza, ambayo mtu akishatembea kidogo yanapungua, ni maumivu ya kipande kinachocheza juu ya mfupa mpaka kwanza kikae. Ukiniambia yanakuamsha usiku ukiwa umelala kabisa hujaukanyagia mguu, nitazidi kuwaza vijidudu.

Watu wengi wanadhani goti lenye vijidudu lazima litoe usaha na homa kali. Kuna vijidudu vya kawaida kabisa vinavyoishi kwenye ngozi, vinaingia siku ya oparesheni, vinajibandika kwenye chuma na kujifunika utando, vinakaa kimya miezi, na mgonjwa anachoona ni goti zito linalovimba na kuuma, ngozi nzima, homa hakuna, eksirei nzuri. Ukimweka huyo pembeni ya mtu mwenye aleji ya chuma, kwa macho huwezi kuwatofautisha. Hapa ndipo watu wanapoumizwa: anaambiwa ni aleji, anapewa steroidi inayotuliza uvimbe, anapata nafuu wiki mbili, vijidudu vinaendelea kula mfupa.

Kwa hiyo unahitaji vipimo vya damu vya uvimbe, CRP na ESR, na hata vikitoka vizuri bado goti livutwe maji. Kuvuta maji hakuchukui hata dakika kumi: ngozi inasafishwa vizuri sana, sindano inaingia pembeni ya kilegesambwa, maji yanavutwa na yanagawanywa, mengine yanahesabiwa seli, mengine yanaoteshwa maabara. Kwa goti bandia la zamani kama lako, seli nyeupe zikifika karibu 3,000 kwa mikrolita, na zaidi ya 80% zikiwa zile za kupigana na bakteria, hapo tunazungumza maambukizi. Mambo mawili uyasimamie mwenyewe mama. Moja, usiwe umetumia antibayotiki kwa angalau wiki mbili kabla ya kuvutwa maji, manake zinaficha vijidudu na majibu yanatoka safi wakati ndani sio safi. Ila kama kuna daktari amekuandikia kwa ugonjwa mwingine usiache bila kumuuliza. Pili, waombe maabara waoteshe kwa siku 14, hao vijidudu wapole wengine wanachelewa, ukifunga majibu siku ya tatu au ya tano unawakosa.

Na hiyo eksirei iliyo "sawa", iko sawa ikilinganishwa na ipi? Eksirei ya leo peke yake inaficha mengi. Chukua ile ya kwanza kabisa baada ya oparesheni, weka pembeni ya ya leo, uangalie kwenye mpaka wa simenti na mfupa kama kuna mstari mweusi mwembamba ambao mwanzo haukuwepo, au kipande kimeinama nyuzi kidogo. Bila ya zamani utaambiwa sawa kila siku. Kama bado kuna shaka kuna CT ya kuangalia kama vipande vilizungushwa kidogo wakati wa kuwekwa, hilo nalo linaleta maumivu ambayo eksirei ya kawaida haioni. Afu ulazwe kitandani, nyonga ya upande huo izungushwe, maana nyonga iliyochakaa inauma gotini na wapo watu wamefanyiwa goti mara mbili kumbe mgonjwa ni nyonga.

Sasa upele. Hili napenda ulifanyie kazi leo leo ukiwa nyumbani. Chukua kipande cha pamba, kaa ukunje goti kidogo, gusa ngozi upande wa ndani wa kovu afu upande wa nje, polepole, juu hadi chini. Ninachotegemea ni kwamba upande wa nje kuna eneo lenye ganzi, kama kiganja au dogo zaidi. Kuna mshipa mdogo wa fahamu unaopita chini ya kilegesambwa kutoka ndani kwenda nje, na kisu cha kubadilisha goti mara nyingi sana kinaukata, ni ngumu kuukwepa. Ngozi iliyokatiwa mshipa wake inakosa jasho na mafuta ya kawaida, inakauka, na baada ya miezi inafanya ukurutu hapo hapo kwenye ganzi: magamba, wekundu, kuwasha. Kama upele wako umekaa juu ya eneo la ganzi na hauvuki kuja upande wa ndani, kuna uwezekano mkubwa ndio huo, na dawa yake ni mafuta ya kulainisha ngozi kila siku na krimu ya steroidi kwa muda mfupi, sio kufungua goti. Nasisitiza hili kwa sababu ni tatizo ambalo hata madaktari wengi hawalijui, wanaona upele juu ya goti bandia wanasema chuma.

Kama hauko kwenye ganzi, tunauliza kingine kinachogusa ngozi hiyo. Gundi ya kufungia jeraha, plasta, dawa za kusafishia, krimu za antibayotiki kama neomaisini, dawa za kuchua zenye mentholi, soksi ya goti yenye mpira. Vyote hivi vinaleta aleji ya ngozi na ni vya kawaida kuliko aleji ya chuma kilichoko ndani. Orodhesha kila ulichopaka kwa miezi hii kumi, hata cha kupewa na jirani, acha vyote wiki tatu uone.

Tuseme sasa umefanya yote: damu nzuri, maji ya goti safi kwa siku 14, na ikibidi yarudiwe mara ya pili, picha hazina kulegea, nyonga nzima, upele hauelezeki, na goti bado linajaa maji na kukakamaa. Hapo ndio aleji inaitwa mbele, na hapo nitamtafuta daktari wa ngozi afanye kipimo cha kubandika. Wanachukua visahani vidogo, kila kimoja na metali yake iliyochanganywa na mafuta mazito, nikeli, kobalti, kromiamu, na vitu vya kwenye simenti pia, wanavibandika mgongoni kwa mistari na kuandika namba pembeni kwa kalamu. Unakaa navyo saa 48, mgongo haulowani, hutoki jasho. Vinatolewa, wanasoma, unarudi tena siku ya tatu au ya nne, na kwa metali ni vizuri kurudi mpaka siku ya saba kwa sababu zingine zinachelewa kujitokeza. Aleji ya kweli inakuwa na wekundu ulioinuka, tena inawasha, na ikiwa kali unaona malengelenge madogo madogo. Kobalti ina tabia ya kuacha vidoti vidogo vyekundu vya rangi ya damu kwenye vitundu vya jasho ambavyo havina uvimbe wowote, msomaji asiye na uzoefu anaandika "ana aleji ya kobalti" wakati hana. Titaniamu kipimo hiki hakiipimi vizuri kabisa, kwa hiyo jibu lake lolote lichukulie kwa tahadhari.

Lakini hata nikeli ikijibu kwa nguvu mgongoni, na kwako naamini itajibu, hiyo inasema ngozi yako ina aleji. Ngozi ina seli zake maalum za ulinzi ambazo ndani ya goti hazipo vile vile, kwa hiyo jibu la mgongoni sio jibu la goti. Kuna na kipimo cha damu, seli nyeupe zinawekwa pamoja na metali wanaangalia kama zinazaliana, wengine wanakiuza mtandaoni kama ndio mwisho wa ubishi. Kina matumizi, sikidharau, ila maabara hazijakubaliana viwango na kina tatizo lile lile, kinaonyesha mwili unaijua metali, hakionyeshi kwamba metali ndio inauma goti. Kinachonishawishi mimi ni vitu vikikaa pamoja: vijidudu vimekataliwa zaidi ya mara moja, kipimo cha ngozi kimejibu metali ambayo kweli imo kwenye goti lako, na kipande cha nyama ya ndani ya goti kikipimwa kinakuta limfosaiti nyingi (kundi la seli za kinga ambamo zimo zile seli T) badala ya zile seli za kupigana na bakteria. Kimoja peke yake hapana.

Na hata hapo, kubadilisha goti lililoshawekwa ni oparesheni kubwa kuliko ya kwanza, mfupa unapungua, maambukizi ni rahisi zaidi, na kinachojulikana vizuri ni kwamba goti likifunguliwa kwa maumivu yasiyo na sababu iliyothibitishwa, mara nyingi mgonjwa anabaki na maumivu yake pamoja na kovu jipya. Wapo waliopona baada ya kuwekewa goti lisilo na nikeli, nakubali, na ni furaha kubwa kwao, lakini ni wale waliochujwa vizuri. Miezi kumi nayo sio mwisho wa safari, goti linaweza kuendelea kutulia mpaka mwaka na zaidi, ingawa kwa vile lako lilikuwa zuri afu likageuka sitaki ukae tu unangoja.

Goti la kushoto, ahirisha. Piga simu wiki hii uwaambie. Sababu sio aleji, sababu ni kwamba kama goti la kulia lina vijidudu vilivyojificha, vinaweza kupita kwenye damu vikakaa kwenye chuma kipya cha kushoto, na hapo utakuwa na magoti mawili ya kutibu.

Likija kufanyika, hadithi yako ya hereni na kifungo inatosha kuchagua kwa tahadhari, huhitaji hata kupimwa kwanza. Vyama vya madaktari wa aleji ya ngozi vinashauri kutompima kila mtu kabla ya oparesheni, wapimwe wenye historia kali kama yako pale ambapo majibu yatabadilisha uchaguzi. Yapo magoti ambayo kipande cha paja ni zirkoniamu iliyogeuzwa uso wake kuwa kama seramiki, yapo yaliyopakwa tabaka gumu la kuzuia metali kutoka, yapo ya seramiki, na sahani ya chini inaweza kuwa ya titaniamu. Muulize daktari wako ana uzoefu na lipi. Mimi kati ya goti lisilo na nikeli likiwekwa na mtu anayelijaribu, na goti la kawaida likiwekwa na mtu anayeliweka kila wiki, kwa mgonjwa wa aleji ya kawaida nitachagua la pili, maana kupangwa vizuri kwa goti kunaamua mengi kuliko aina ya chuma. Ila akiwa amezoea yote mawili, chukua lisilo na nikeli, huna cha kupoteza zaidi ya gharama. Na mwambie pia kama kucha za kubandika za akriliki au meno ya bandia yaliwahi kukutoa vipele, hizo ni jamaa za simenti ya mifupa, watu wanakazana na chuma wanaisahau simenti.

Kwa sasa, usikubali sindano ya steroidi ndani ya goti bandia, inafungua mlango wa vijidudu. Usimeze antibayotiki za kubahatisha. Na hizo poda na dripu za "kusafisha metali mwilini" achana nazo, haziondoi kilichoko gotini na zingine zinasumbua figo. Ukipata homa, kovu likatoa maji au usaha, goti likawa jekundu la moto ghafla au mguu ukashindwa kukanyaga, usisubiri miadi, nenda siku hiyo hiyo.

Jambo la mwisho, mwambie binti yako asaidie hili kwa vile kashaonyesha ana moyo wa kufuatilia. Kila kipande kinachowekwa kwenye goti kinakuja na stika yake, ina jina, saizi na namba ya toleo, na siku ya oparesheni zinabandikwa kwenye faili. Aende hospitali aombe nakala ya ukurasa huo na ripoti ya oparesheni. Hapo tutajua kama sahani yako ya chini ni titaniamu au kobalti na simenti ilikuwa na dawa gani ndani, badala ya kubishana kuhusu chuma ambacho hakuna aliyekisoma. Akishapata, na maji ya goti yakishatoka maabara, niandikie tena pamoja na eksirei zote mbili na uniambie pamba ilisema nini pembeni ya kovu.